Polisi wa Marekani na dereva anayetoroka: wamfukuze lini, wamwache lini?

Zile video zinatufikia kwenye simu karibu kila wiki: helikopta juu, gari dogo linapenya katikati ya malori, msururu wa taa za bluu na nyekundu nyuma yake. Halafu ndugu wa nyumbani wanaanza kuuliza, na wenzetu waliohamia huku majuzi nao wanauliza, na maswali ni yale yale. Mimi nipo Georgia, naendesha gari la kusambaza mizigo, kwa hiyo mbio hizi nimezishuhudia kwenye kioo cha pembeni mara kadhaa kuliko ninavyotaka. Majibu nimeyaweka hapa ili nisiyarudie. Mwenye haraka aanze na swali la 5.

## Mambo ya msingi

1. Kufukuzwa ni kupi hasa? Polisi akiwa nyuma yangu tayari ananifukuza?

La. Askari anaweza kukufuata maili tatu akiangalia namba ya gari lako kwenye kompyuta yake na wewe huna habari. Kufukuzwa kunaanza pale alipowasha taa na king'ora, wewe umeona, umesikia, na badala ya kupunguza mwendo ukakanyaga mafuta, ukazima taa au ukaanza kukata kona za mitaa.

Mwendo mkali si sharti. Juni 17, 1994 ile Ford Bronco nyeupe iliyombeba O.J. Simpson ilitambaa kwenye barabara kuu za Los Angeles kwa mwendo wa daladala inayotafuta abiria, polisi wakiwa nyuma kama msafara wa harusi. Watu wapatao milioni 95 waliitazama kwenye televisheni. Ile nayo ilihesabika kuwa ni kufukuzwa.

2. Kuna sheria moja ya nchi nzima inayosema lini polisi wafukuze?

Hakuna. Marekani ina idara za polisi zipatazo 18,000: za miji, za kaunti chini ya sherifu, za majimbo. Karibu kila moja ina mwongozo wake wa maandishi. Nyingine zinamwachia askari apime mwenyewe, nyingine zinataja makosa yanayoruhusu kufukuza, na chache sana zimekataza kabisa. Ndiyo maana dereva yule yule, kwa kosa lile lile, anaweza kufukuzwa upande huu wa mto na kuachwa upande wa pili. Mahakama ya Juu imeweka mipaka ya jumla tu (tazama swali la 11 na la 12).

3. Mbio hizi ni nyingi kiasi gani, na zinaua watu wangapi?

Ofisi ya takwimu ya Wizara ya Sheria ya Marekani ilikadiria mbio 68,000 kwa mwaka 2012. Kuanzia 1996 hadi 2015 vifo vilipita 7,000, wastani wa 355 kwa mwaka, yaani kama mtu mmoja kila siku.

Karibu theluthi mbili ya waliokufa walikuwa ndani ya gari lililofukuzwa, na humo wamo abiria ambao hawakuamua chochote. Wengi wa waliobaki ni watu waliokuwa na safari zao: kwenye gari jingine, au kwa miguu kando ya barabara. Askari ni kama 1 kati ya 100. Takwimu hiyo ya mwisho naomba uikumbuke. Anayeamua kuanza mbio ndiye ambaye kwa kawaida anarudi nyumbani salama, na hiyo ndiyo sababu uamuzi huu haufai kuachiwa joto la damu yake.

4. Kwa nini mtu akimbie polisi? Si lazima ana maiti kwenye buti?

Hivyo ndivyo wengi tunavyodhani, na polisi wengi walidhani hivyo. Mtafiti Geoffrey Alpert, ambaye ameshughulika na suala hili kwa miongo kadhaa, alikwenda kuwauliza waliokimbia wenyewe, watu 146 waliokuwa jela katika miji mitatu. Sababu zilizojirudia ni gari la wizi, leseni iliyosimamishwa, kuwa amelewa, na woga wa kukamatwa tu. Makosa, ndiyo. Maiti, hapana.

Jambo jingine walilomwambia lina uzito zaidi: zaidi ya 7 kati ya 10 walisema wangepunguza mwendo kama wangeona polisi wameacha kuwafuata, na mjini wangefanya hivyo baada ya mitaa kama miwili hivi. Unaweza kusema mhalifu hatakwambia ukweli. Sawa, lakini hapa hakuwa na cha kupata kwa kudanganya, kwani kesi yake ilishakuwa mahakamani.

## Lini inafaa

5. Basi ni wakati gani polisi wanapaswa kufukuza?

Shirika la utafiti la wakuu wa polisi linaloitwa Police Executive Research Forum lilitoa mwongozo Septemba 2023 wenye masharti mawili, na yote mawili yatimie: awe ametenda kosa la kutumia nguvu dhidi ya mtu, na awe tishio la karibu la kutenda jingine. Nje ya hapo, mwache aende, mtafute kesho.

Mimi naona masharti hayo yako karibu sana na ukweli, na sababu yangu ni hii. Swali ambalo askari anatakiwa kujiuliza ni, “Nilijua nini kumhusu kabla hajakimbia?” Kama alijua kwamba mtu huyu amempiga mwenzake risasi dakika kumi zilizopita na bunduki bado anayo, basi hatari ilikuwapo kabla ya mbio, kumwacha ni kuipeleka kwa mwingine. Kama alijua tu kwamba taa moja ya nyuma haiwaki, hatari yote inayofuata imezaliwa na mbio zenyewe.

Na hatari yenyewe si ya kufikirika. Gari likienda maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 160, linameza mita 44 kila sekunde. Uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli, unaisha kabla hujamaliza kusema “mama yangu wee”. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unaongezeka mara nne. Mama anayevuka na kigari cha mtoto alitazama kushoto, akaona barabara nyeupe. Hakukosea.

6. Lakini kule kukimbia kwenyewe si kosa? Kwa nini kusitoshe?

Ni kosa, na ni kosa kubwa. Texas, kwa mfano, kukimbia askari kwa gari kunaweza kukupa miaka 2 hadi 10 gerezani hata kama ulichoanza nacho ni faini ya mwendo. Ukiua mtu njiani, mashtaka yanaweza kufika ya mauaji. Kwa mgeni asiye na uraia, hukumu ya namna hiyo inaweza pia kuvuruga kesi yake ya uhamiaji.

Lakini kustahili adhabu ni jambo moja, na adhabu kutolewa hapo hapo barabarani ni jingine. Namba ya gari ipo, kamera ya kwenye dashibodi ipo, anwani ya mwenye gari ipo. Hoja ya kwamba “amekimbia, kwa hiyo ni hatari, kwa hiyo tumfukuze” inajizungusha yenyewe: ukiikubali, kila anayekimbia anafukuzwa na mwongozo hauna kazi.

7. Na gari la wizi?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, kwa sababu mwenye gari naye ni raia na ana haki ya kukasirika. Idara nyingi zenye masharti makali hazifukuzi kwa ajili ya mali peke yake. New Jersey ilibana mwishoni mwa 2020, wezi wa magari wakachachamaa, na 2022 jimbo likawaruhusu tena polisi kufukuza magari ya wizi. Kwangu mimi gari lina bima; aliyegongwa na hilo gari hana spea. Ila sijawahi kuibiwa gari, kwa hiyo chukua maneno yangu hivyo.

8. Dereva mlevi je? Yeye ni hatari hata asipofukuzwa.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa. Kwa kipimo cha swali la 5, hatari yake ilikuwapo kabla: alikuwa akiyumba kutoka mstari huu hadi ule, na ukimwacha ataendelea kuyumba. Ndiyo maana hata sheria kali ya jimbo la Washington ya 2021, iliyozuia mbio nyingi, iliacha mlango wazi kwa washukiwa wa ulevi.

Upande wa pili, mtu yule yule aliyekuwa akiyumba kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, ukimwashia king'ora na akaamua kukimbia, sasa anayumba kwa mwendo wa maili 90. Ulevi haujapungua, mwendo umeongezeka. Nisingependa kukataza moja kwa moja, wala kuruhusu moja kwa moja. Saa tisa usiku kwenye barabara kuu tupu, mkanda wa miiba wa kutoboa matairi ukiwa tayari mbele, ni habari moja. Saa nane mchana watoto wakitoka shule ni nyingine.

9. Mbio zikishaanza, nani anaamua ziishe?

Kwenye idara zenye utaratibu mzuri, msimamizi wa zamu, ambaye hayumo kwenye gari. Askari anayeendesha anatakiwa kuripoti kwa redio: sababu ya kufukuza, mwendo, barabara, msongamano, hali ya hewa, watu wangapi wako ndani. Msimamizi anasikiliza na wakati wowote anaweza kusema basi.

Mantiki yake utaielewa ukisikiliza rekodi moja tu ya redio, na zimejaa mtandaoni. Mwanzoni askari anasoma majina ya mitaa kwa utulivu. Dakika ya pili sauti imepanda. Dakika ya tatu anapiga kelele, maneno yanaingiliana na king'ora, na akiulizwa “kosa la awali ni nini?” kunakuwa na ukimya wa sekunde mbili, kisha: “kutowasha indiketa”. Mtu aliye katika hali ile hawezi kujipima mwenyewe. Tusimlaumu kwa hilo, ni mwili wa binadamu.

10. Wakijua hawafukuzwi, si kila mhalifu atakimbia?

Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, na wanaoipuuza wanakosea.

Tuanze na Miami. Idara ya kaunti, iliyojulikana wakati ule kama Metro-Dade, iliamua 1992 kufukuza kwa makosa makubwa ya kutumia nguvu tu. Mwaka uliofuata mbio zilishuka kwa asilimia 82. Omaha ilifanya kinyume chake 1993, ikalegeza, na mbio zikapanda kwa zaidi ya asilimia 600. Kwa hiyo karatasi ya mwongozo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Idadi ya mbio inafuata ruhusa.

Lakini New Zealand, nchi yenye polisi mmoja wa taifa zima, ilibana Desemba 2020, na matukio ya madereva kukataa kusimama yakapanda sana. Mei 2023 polisi wakalegeza tena. Washington nayo, ile ya swali la 8, ililegeza 2024 baada ya malalamiko ya wananchi. San Francisco ilipiga kura Machi 2024, wapiga kura wakawapa polisi nafasi pana zaidi ya kufukuza. Milwaukee ilibana 2010 na kulegeza 2017.

Utaona mtindo: wanabana baada ya msiba, wanalegeza baada ya kero. Msiba una sura na jina, kero ina idadi kubwa ya watu. Ninachokiona mimi ni kwamba kubana bila kuwekeza katika kuwatafuta waliokimbia, kesho yake, nyumbani kwao, kwa hati ya mahakama, kunawafundisha watu kwamba kukimbia kunalipa. Kosa hapo ni la kesho yake.

## Mahakama na mbinu

11. Polisi akiligonga gari langu makusudi na nikaumia, anaruhusiwa?

Mara nyingi, ndiyo. Kesi ya kuijua ni Scott v. Harris ya 2007, iliyotoka huku huku Georgia. Machi 2001 kijana wa miaka 19, Victor Harris, alipimwa akienda maili 73 kwa saa kwenye barabara yenye ukomo wa maili 55. Hakusimama. Mbio zilidumu chini ya dakika saba usiku kwenye barabara za njia mbili, hadi askari Timothy Scott alipomgonga kwa nyuma kwa bampa. Gari likatoka barabarani na kupinduka. Harris alipooza mikono na miguu.

Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 1, iliona Scott hakuvunja Katiba. Jaji Scalia aliandika kwamba mahakama haitaweka kanuni inayowalazimisha polisi kumwachia mtu kwa sababu tu anaendesha kwa hatari kubwa zaidi, maana hapo kila mkimbiaji angejua dawa ni kuzidisha mwendo. Mahakama iliweka hata video ya tukio kwenye tovuti yake. Jaji Stevens, mzee kuliko wote, alipinga peke yake. Yeye alisema polisi wangeweza kuacha tu na kumkamata baadaye, na akawatania wenzake kwamba labda video ile isingewatisha sana kama wangejifunza kuendesha enzi za barabara za njia mbili.

Angalia kilichoamuliwa na kisichoamuliwa. Mahakama ilisema Katiba *inaruhusu*. Haikusema ni busara. Idara inaweza kukataza kesho kile ambacho Mahakama ya Juu imeruhusu, na nyingi zimefanya hivyo.

12. Mimi sihusiki, nimegongwa tu na gari lililokuwa likifukuzwa. Nani ananilipa?

Kwanza bima ya dereva aliyekimbia, kama anayo, na mara nyingi hana. Pili bima yako, kama ina kifungu cha madereva wasio na bima. Kilipie, ni dola chache. Kuishtaki polisi ndiko kugumu. Katika County of Sacramento v. Lewis (1998), iliyohusu kijana wa miaka 16 aliyekuwa abiria wa pikipiki iliyofukuzwa, Mahakama ya Juu ilisema haitoshi kuonyesha uzembe au hata kutojali. Kitendo kiwe cha kutisha dhamiri, askari awe na nia ya kudhuru isiyohusiana na ukamataji.

Kinachobaki ni sheria za jimbo, nazo zinatofautiana vibaya. California inaipa idara kinga ikiwa na mwongozo wa maandishi na mafunzo ya kila mwaka. Pia dai lako dhidi ya serikali California, ukiwa umeumia, liwasilishwe ndani ya miezi 6. Wengi wanagundua hilo mwezi wa saba.

13. Kwa nini wasipige matairi risasi kama kwenye sinema?

Kwa sababu risasi inakosa, na ikimpata dereva, gari halisimami. Linaendelea na mtu asiye na fahamu kwenye usukani. Idara nyingi zimekataza. Kisheria, Tennessee v. Garner (1985) ilizuia kumpiga risasi anayekimbia asiye hatari. Lakini Plumhoff v. Rickard (2014) iliwapa polisi ushindi: walifyatua risasi 15 baada ya mbio kutoka Arkansas hadi Memphis, dereva na abiria wake wakafa. Mwanzo wa yote ulikuwa taa moja ya mbele kutowaka.

14. Kuna njia nyingine mbali ya kufukuza?

Zipo. Mkanda wa miiba unatandazwa barabarani na kutoa upepo matairini polepole, ila askari anayeutandaza anaweza kugongwa. Kuna kusukuma ubavu wa nyuma wa gari ili lizunguke. Zipo idara zinazoruhusu mbinu hii chini ya maili 35 kwa saa tu, na zipo zisizo na ukomo. Helikopta hufuata kwa juu huku magari ya chini yakizima ving'ora. Na kuna kifaa cha kufungwa mbele ya gari la doria kinachorusha kidude chenye gundi na GPS. Kikinata, polisi wanarudi nyuma na kutazama ramani. Ningekuwa na kura ya bajeti, ningeiweka hapo.

## Maswali ya pembeni

15. Nikifanikiwa kuingia nyumbani kwangu, polisi wanaweza kuingia bila hati?

Inategemea. Mwaka 2016 huko Sonoma, California, mtu alikuwa akipiga muziki mkubwa na honi. Askari aliwasha taa, jamaa akaingia gereji yake, mlango ukaanza kushuka, askari akaweka mguu chini yake ukafunguka. Katika Lange v. California (2021) Mahakama ya Juu ilisema kwa kosa dogo, kukimbia peke yake hakumpi askari ruhusa ya moja kwa moja; kila tukio lipimwe. Kwa kosa kubwa, usijaribu bahati yako.

16. Mbona Tanzania na Kenya hatuoni mbio kama hizi?

Kwa sababu trafiki wetu anasimama, hafukuzi. Yuko na nguo zake nyeupe na tochi chini ya mti, anapunga mkono. Usiposimama, anapiga simu kwa mwenzake aliye mbele, na kati ya Chalinze na Morogoro huna pa kuchepukia. Kenya kizuizi chenye misumari barabarani kinafanya kazi hiyo hiyo. Kutosimama ni kosa kwa sheria za nchi zote mbili.

Kinachofanana na mambo ya Marekani ni bodaboda kukimbizwa mjini kwa kukosa kofia au leseni. Kipimo cha swali la 5 kinafaa pale neno kwa neno.

17. Nimewashiwa taa usiku, pako giza, na sina hakika kama ni polisi. Nikiendelea hadi penye mwanga, nitahesabiwa nakimbia?

Punguza mwendo, washa taa za hatari, kaa njia ya kulia, piga 911 useme uko wapi na kwamba unatafuta kituo cha mafuta kilicho karibu. Mpokea simu anaweza kukuthibitishia kama aliye nyuma yako ni askari wa kweli. Usiongeze mwendo hata kidogo. Ukisimama, washa taa ya ndani na weka mikono juu ya usukani.

18. Niko njia panda, taa yangu ni ya kijani, nasikia king'ora lakini sioni kitu. Nifanye nini?

Usiondoke. Zima redio, shusha kioo, sikiliza kinatoka wapi. Kama tayari unatembea, sogea kulia usimame. Dereva anayekimbia haangalii taa nyekundu, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kupita, kabla ya gari lenye king'ora, bila mlio wowote wa kukuonya.

Halafu subiri. Mwaka jana mbele yangu Honda ya kijivu ilipita kama upepo, ikafuatiwa na gari la doria. Jamaa wa pikapu pembeni yangu akaona yameisha, akaachia breki. Gari la pili la doria lilimkosa kwa upana wa mlango. La tatu lilikuja sekunde kama sita baadaye.